Uso kwa Uso na Bi Mkubwa

2 Julai

Msimu umefunguliwa leo. Nimekuta panya wamekula waya wa printa na buibui wamejenga mji mzima juu ya kaunta, kwa hiyo nusu ya asubuhi nimefagia na nusu nyingine nimelaani. Kibanda changu cha picha kiko pale pale, kati ya lango la bustani ya ndege na choo cha wanawake, mahali ambapo kila mgeni lazima apite atake asitake.

Maonyesho hayajabadilika. Moja asubuhi, moja alasiri. Wageni wanakaa kwenye mabenchi ya mbao yaliyopangwa nusu duara, mtangazaji anashika maikrofoni, na ndege wanatoka mmoja mmoja: bundi, kozi, kipanga. Mtangazaji tunamwita Kipaza, maana hata akiomba chumvi mezani anaiomba kwa sauti ya uwanjani. Mwisho kabisa anaingia kaka yangu na tai wake, na hapo hata watoto waliokuwa wakilia wananyamaza.

Tai huyo ni jike, na anaitwa Bi Mkubwa. Jina alilipata kwa wifi yangu, mke wa Kaka. "Mimi nimeolewa nikamkuta," husema. "Yeye ndiye mke mkubwa." Husema akicheka, ila si kila mara.

Mimi nawapiga wageni picha wakiwa na bundi mkononi, nawachapia papo hapo. Lakini kuna picha moja naitafuta tangu niingie hapa: Bi Mkubwa akija moja kwa moja kwenye lenzi, macho yote mawili, kucha mbele. Siipati, kwa sababu yeye hutazama glovu ya Kaka na nyama iliyo juu yake, hana habari na mimi. Kaka kaniahidi tena leo: "Msimu huu utaipata, mdogo wangu. Nitasimama nyuma yako kabisa, akija kwangu atakuwa amekuja kwako." Ahadi hiyo nimeizoea.

3 Julai

Wageni wachache. Vumbi jingi.

6 Julai

Kila asubuhi ndege wanapimwa uzito kabla ya kuruka. Akishiba mno, tai haoni sababu ya kurudi. Akikonda mno, anakufa hewani. Kati ya hapo kuna nafasi ndogo sana, na Kaka anaijua kuliko mtu yeyote. Leo amempandisha Bi Mkubwa kwenye mzani, akainama, akainama zaidi, halafu akaniambia, "Hebu nisomee, kioo kina vumbi."

Nimemsomea. Kioo hakikuwa na vumbi.

10 Julai

Kuna kinyozi anakuja kila siku ya mapumziko yake. Mwaka jana alikuwa anapiga kwa simu, safari hii kaja na kamera begani, aina ile ile kama yangu, kuukuu kama yangu, na ikilia inalia kama cherehani, kama yangu vile vile. "Sasa tumekuwa mapacha," kaniambia. Nimemwambia pacha wangu anaficha kipara chini ya kofia, kinyozi gani huyo. Kacheka hadi kakaa chini. Ni mtu wa kupendeza. Mikono yake ni laini na haitulii, hata akiongea vidole vinakata hewa kama vimeshika mkasi.

14 Julai

Mabenchi yalijaa. Kaka alimrusha Bi Mkubwa, akapanda, akazunguka juu ya machimbo ya mawe yaliyoachwa, yale ya ng'ambo ya uzio, kisha akashuka kwa kasi kutoka upande wa kushoto. Kaka alikuwa bado anatazama kulia. Glovu ilikuwa chini, kiunoni.

Bi Mkubwa hakuwa na pa kutua, akamtulia begani. Shati lilichanika na damu ikatoka. Watu walipiga makofi wakidhani ndivyo ilivyopangwa, na Kipaza akadaka papo hapo: "Mabibi na mabwana, ndivyo anavyofanywa mume anayeangalia pembeni!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kaka naye alicheka, huku amebana meno.

Jioni nimezikuza picha kwenye kompyuta ya kibandani. Nimeanza na za leo, nikarudi nyuma hadi siku ya ufunguzi. Katika kila picha glovu iko mahali pake, nyama iko mahali pake, na macho ya Kaka yanatazama kwingine. Kidogo tu, upana wa kiganja. Ukiwa benchini huwezi kujua. Anainua mkono kwa kusikiliza kengele ndogo iliyofungwa mguuni mwa tai.

Kesho nitamuuliza.

15 Julai

Nilimkuta kwenye chumba cha kukatia nyama, anakata vifaranga kwa kupapasa.

"Kaka, tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Usinifanye mtoto."

Aliweka kisu chini, akakitafutia mahali kwa kidole kwanza. "Ni presha ya macho," alisema. "Daktari aliniambia mwaka jana. Pembeni kumeshafungwa kote. Nimebaki na katikati, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba."

"Na dawa?"

"Matone. Yanachelewesha, hayarudishi."

"Wifi anajua?"

"Ajue ili iweje? Aanze kunishika mkono sokoni?"

Nilimwambia amweleze Bosi leo hii. Bosi ndiye mwenye bustani. Ana kelele nyingi lakini hana roho mbaya. Kaka alitikisa kichwa. "Mimi Bosi hatanitupa, ataniweka langoni nikate tiketi. Yeye je?" Alionyesha ukutani, upande wa vizimba. "Hajawahi kutua kwenye mkono mwingine. Alikuja hapa kifaranga, bawa limevunjika, nikamlisha mdomoni. Watajaribu wiki mbili, atawakataa, watamfungia kizimbani mpaka afe. Nipe msimu huu, mdogo wangu. Mvua zikianza maonyesho yanafungwa, nitamfundisha mkono wa mtu mwingine polepole. Msimu huu tu."

Nilipaswa kukataa. Kaka ndiye aliyenilea baada ya mama, na sijawahi kumsikia akiniomba kitu. Nikakubali.

16 Julai

Asubuhi, kabla ya wageni, tumefanya majaribio. Wazo ni langu. Kamera yangu inalia kwa nguvu, na hakuna mtu anayeshangaa mpiga picha akipiga picha. Mlio mmoja: anakuja kutoka kushoto. Miwili: kulia. Mfululizo: ameshageuka, inua glovu sasa hivi.

Tumejaribu, na Bi Mkubwa kila mara alitua katikati ya glovu bila kutikisika. Kaka alimlisha, akaniinamia akiwa na machozi, akasema, "Umenirudishia macho." Nilijisikia mtu mkubwa sana.

21 Julai

Imekwenda vizuri. Makofi mengi.

22 Julai

Vizuri tena.

28 Julai

Kipaza kaniuliza Kaka anatumia dawa gani, maana msimu uliopita hakuwa hodari hivi. Nimemwambia ni maombi ya wifi.

4 Agosti

Shule zimefunga. Watoto wamejaa, karatasi za peremende zimejaa, bundi wamechoka kushikwashikwa. Jua kali, nyasi za uwanjani zimekuwa rangi ya mkeka. Joto likipanda kutoka kwenye yale machimbo, tai anapata hewa ya kumbeba na anakwenda juu sana. Zamani Kaka angemfuata kwa macho hadi akawa nukta. Sasa anasimama ametazama juu kama wengine, anatabasamu, na anangoja cherehani yangu.

9 Agosti

Leo kanitazama! Picha tatu, Bi Mkubwa bado yuko mbali, lakini macho yako kwangu, si kwenye glovu. Miaka yote hii nilikuwa hewa tu kwake. Nimezichapa kubwa nikaziweka kwenye kibao cha kibandani. Kinyozi alisimama mbele yake muda mrefu. "Umemfanyaje huyu mama?" kauliza. Nimemwambia ni uvumilivu na kipaji. Nilisema kwa utani, lakini moyoni niliamini kabisa.

13 Agosti

Wifi kaja kibandani na chupa ya chai. Hajawahi kuja katikati ya wiki. Alikaa kwenye kile kiti changu kibovu, akazungukazunguka na maneno ya bei ya mkaa na mtoto wa jirani, kisha akasema:

"Wifi, kaka yako anaumwa?"

"Kwa nini?"

"Anagonga milango. Juzi kamwaga mchuzi wote, kaweka bakuli hewani pembeni ya meza. Nikimuuliza anasema amechoka."

"Amechoka kweli, wifi. Msimu ni mgumu."

Alinitazama usoni. "Haya," alisema. "Kama ni uchovu, mwambie alale."

Alikunywa chai yake mwenyewe na kuondoka na chupa. Nimejisikia vibaya tangu hapo hadi sasa ninapoandika.

18 Agosti

Nilikuwa karibu na vizimba nampiga mtoto picha na bundi. Bi Mkubwa alikuwa kwenye gogo lake, amefungwa. Nilipobonyeza mfululizo alifungua mabawa, akapiga kelele, akajirusha kunielekea hadi kamba ikamwangusha chini. Mtoto alilia. Kaka kasema njaa. Jana kapunguza kifaranga kimoja.

19 Agosti

Upepo.

25 Agosti

Nilikuwa napima mwanga tu kabla ya onyesho la alasiri, nikabonyeza kidogo. Bi Mkubwa alikuwa anajinyoosha juu ya machimbo na Kaka hakuwa tayari. Alikuja moja kwa moja. Kaka aliinua glovu dakika ya mwisho kwa kusikia mabawa.

"Umewahi," kaniambia baadaye.

"Nilikuwa napima mwanga."

"Basi kakusikia. Ana masikio ya mke, huyu."

Tulicheka sana, wote wawili. Nimeandika hapa kwa sababu hatujacheka hivyo muda mrefu.

3 Septemba

Upepo haukatiki. Unaingia kati ya mabenchi, unapeperusha kofia, unameza kengele na unameza mlio wa kamera. Mara mbili leo Kaka hakunisikia vizuri. Tumekubaliana nisogee. Nitasimama pembeni yake kabisa, bega kwa bega. Kipaza atawaambia wageni kwamba ni mpiga picha maalumu wa Bi Mkubwa.

5 Septemba

Nikiwa karibu picha zinatoka za ajabu. Tai anatua kwenye glovu huku bawa likinigusa nywele. Anakula, mimi nabonyeza, anainua kichwa ananitazama, anakula tena. Naweza kuhesabu manyoya ya kope zake. Ile picha ya uso kwa uso bado, kwa sababu mimi niko pembeni. Karibu sana.

11 Septemba

Kipaza kanifuata nyuma ya jukwaa, kwa mara ya kwanza nimemsikia akinong'ona. "Kaka yako siku hizi ananiitikia kabla hajaniona. Nikinyamaza ananipita. Jana nilimsimamia mbele, kanigonga, kaniomba radhi kwa jina la mlinzi."

"Ana mawazo."

"Dada, mimi si mpumbavu. Naongea sana, hilo ni jambo jingine."

Nimemwomba angoje hadi mvua. Alikunja waya wa maikrofoni polepole, akauweka kwenye sanduku, akaondoka. Miaka yote hii nimemchukulia kama redio iliyoachwa wazi. Kumbe alikuwa anaangalia.

15 Septemba

Kaka sasa anatembea akigusa uzio. Bomba limeziba karibu lote, kaniambia mwenyewe. Uso wangu anauona kipande kipande. Nimemwambia tuache leo. Kasema zimebaki wiki chache. Nimemwambia tena. Kasema, "Mbona anatua vizuri? Kuna siku amekosea?"

Hakuna.

17 Septemba

Bosi katangaza Siku ya Wapiga Picha, Jumapili ijayo. Yeyote mwenye kamera ataingia mapema na kukaa mbele. Mabango yameshabandikwa, yana ile picha yangu ya tarehe tisa Agosti. Nimefurahi kama mtoto. Kinyozi kaja kuniuliza akae wapi. Nimemwonyesha benchi la mbele, mwisho wa kulia, mahali mwanga unapompiga tai kifuani, na nimemfundisha kuweka kamera yake kwenye mfululizo. "Usibonyeze moja moja utamkosa," nimemwambia. "Shikilia tu, iache ilie."

22 Septemba

Siwezi kulala na siwezi kukaa, kwa hiyo naandika.

Mabenchi yalijaa tangu asubuhi. Kamera zilikuwa nyingi, lakini nyingi ni za kisasa, hazilii. Upepo ulikuwa mkali kuliko siku zote, wenye mchanga. Kaka aliingia amemshika Bi Mkubwa, amenyooka, amevaa shati ambalo wifi alilipiga pasi jana. Mimi pembeni yake. Alimrusha. Bi Mkubwa alipanda akazunguka machimbo mara kadhaa, na Kipaza akawa anaeleza urefu wa mabawa na nguvu za kucha, maneno yale yale.

Mchanga uliniingia kwenye lenzi. Nilishusha kamera, nikageuka kuupa upepo mgongo, nikatoa kitambaa. Ni kitu ambacho nimefanya maelfu ya mara. Nilimwambia Kaka, "Subiri, nafuta," lakini upepo uliyachukua maneno, nadhani. Alikuwa ameshika nyama ndani ya kiganja cha glovu, anangoja.

Ndipo nikasikia kamera yangu ikilia. Mfululizo, ndefu. Niliitazama mkononi mwangu. Ilikuwa kimya.

Ilitoka kulia, benchi la mbele. Kaka aliisikia pia. Alidhani nimehamia huko. Akageuka kuifuata sauti, akayapa machimbo mgongo, akainua glovu juu na tabasamu lake la uwanjani. Nyama ilikuwa mbele ya kifua chake, na Bi Mkubwa alikuwa nyuma yake. Hakuiona nyama. Sidhani hata aliitafuta. Tulimfundisha sisi wenyewe, kila siku, tangu Julai: sauti ile ikilia, chakula kipo pale inapolia.

Alipita juu ya kichwa cha Kaka. Kofia yake ilianguka kwa upepo wa mabawa. Kaka hakusogea, alibaki ameinua mkono. Kinyozi alikuwa na kamera usoni, kidole kimeshikilia kama nilivyomwagiza, na naamini aliona picha nzuri kuliko zote hadi ilipojaa kwenye kioo.

Kucha zilifunga mkono wake wa kulia juu ya kamera. Tai akikamata anabana, na ukivuta anabana zaidi. Kinyozi alivuta. Watu walipanda mabenchini, wakakanyagana, watoto walipiga kelele. Bawa lilimpiga kinyozi usoni likampasua nyusi. Nilikimbia, nikavua koti, nikamfunika Bi Mkubwa kichwa kama nilivyowahi kumwona Kaka akifanya, na alipoingia gizani akaachia. Kisha upepo ukalichukua koti, naye akaruka, akavuka uzio, akaingia machimboni.

Kinyozi alikuwa anauangalia mkono wake bila kulia. Alijaribu kufunga vidole. Viwili havikufunga. "Havisikii," aliniambia, kama anayetaka nimsaidie kitu kidogo. "Dada, havisikii."

Nilipogeuka, Kaka alikuwa bado katikati ya uwanja, glovu juu. Alikuwa anaita, "Ametua? Ametua wapi?" Tabasamu lilikuwa linaondoka polepole. Kipaza ndiye aliyeweka maikrofoni chini, akaenda, akaushusha ule mkono.

23 Septemba

Hospitali. Kano mbili zimekatika. Wameziunga, lakini daktari hakuahidi kitu. Mke wa kinyozi alinikaribisha kiti, na kwa sababu hajui, akanishukuru kwa lile koti. Nilikwenda kulia kwenye ngazi, kisha nikarudi nikamweleza yote, kinyozi akiwa anasikia. Kinyozi alifunga macho. "Basi ulinikalisha mwenyewe," alisema. Ndiyo, nilimwambia. Aligeukia ukuta na sikuona sababu ya kuendelea kusimama pale.

Wifi nilimkuta nyumbani kwake, ameshaambiwa na Kaka. Hakupandisha sauti.

"Nilikuuliza wewe kwa sababu nilijua yeye ataninyamazia."

"Nisamehe, wifi."

"Sijui kama nitaweza leo. Kaa, kunywa maji."

Nilikaa, nikanywa maji.

24 Septemba

Bi Mkubwa yuko kwenye mti mkavu katikati ya machimbo. Kaka ameita kwa mdomo, kwa filimbi, kwa nyama iliyoning'inizwa kwenye kamba. Anageuza kichwa tu. Amekuwa hivyo tangu jana.

Tumekwenda kwa Bosi, mimi na Kaka. Kaka alisema kila kitu mwenyewe, amesimama, mkono kwenye ukingo wa meza. Nilidhani ukweli utamsaidia tai: kwamba hana wazimu wala hasira, alikosea kwa sababu tulimkosesha. Bosi alisikiliza hadi mwisho bila kelele, jambo lililonitisha.

"Kwa hiyo anakuja kwa sauti ya kamera," alisema.

"Ndiyo."

"Na hata simu za watu zikipiga picha zinalia hivyo hivyo. Na ng'ambo ya machimbo kuna nyumba." Alijifuta uso. "Mngeniambia ni ndege mkorofi ningemfungia. Sasa nimfungie wapi pasipo na simu?"

Amepiga simu kwenye bustani nyingine mbele yetu. Wameshasikia habari, hakuna anayemtaka. Askari wa wanyamapori wameamuru ashuke au apigwe risasi pale pale mtini, kesho kutwa.

Kaka alisema, "Si risasi. Watamjeruhi, atakwenda kufia huko peke yake siku tatu. Nipeni nimshushe. Daktari wa mifugo amchome sindano akiwa mkononi mwangu."

"Utamshushaje? Umeita siku mbili."

Kaka aligeuza uso upande nilipokuwa nimesimama, akakosea kidogo, akawa anatazama kabati.

25 Septemba

Sikwenda kazini. Nimeitoa kamera kwenye mkoba, nimeirudisha. Nimeitoa tena.

26 Septemba

Upepo umetulia leo, mara ya kwanza tangu mwezi uanze. Tuliingia machimboni asubuhi: mimi, Kaka, daktari wa mifugo, na askari mwenye bunduki ambaye Bosi alimwomba abaki nyuma ya jiwe. Wifi alikuja pia. Ndiye aliyemshika Kaka kiwiko kuteremka kwenye mawe, na Kaka hakuutoa mkono. Kipaza alibaki juu kwenye uzio kuzuia watu.

Bi Mkubwa alikuwa kwenye lile tawi, amekonda, kifua kimeingia ndani. Kaka aliniuliza kama anapumua sawa. Nilimwambia ndiyo. Akauliza tena kama manyoya yake yamelala au yamesimama. Yamelala, nikamwambia, ametulia.

"Basi," alisema. "Simama uelekee mti. Mimi nitakuwa nyuma yako kabisa."

Alisimama mgongoni kwangu. Aliupitisha mkono juu ya bega langu, glovu ikawa karibu na shavu, na juu yake vifaranga vizima, vingi, siyo vile vipande vya kumbakiza na njaa. Nilisikia pumzi yake sikioni. Nilisema, "Kaka, siwezi." Akasema, "Akisubiri atapigwa risasi, mdogo wangu. Mwite."

Nikabonyeza, nikashikilia.

Aligeuka mara moja. Hakusita hata kidogo, na hilo ndilo linaloniumiza kupita yote. Aliachia tawi, akashuka hadi karibu na mawe, akanyooka, akaja. Sikuacha kubonyeza. Nilimwona akiwa mdogo, nikamwona akijaa, nikaona kucha zikitangulia, halafu giza la kifua na upepo usoni, na uzito wake ukatua juu ya bega langu kwenye glovu, taratibu, kama siku zote.

Kaka alimwacha ale. Alikuwa anamwambia maneno ambayo sitayaandika. Bi Mkubwa alikula kifaranga cha kwanza na cha pili, kwa pupa, mabawa yamemfunika Kaka kichwa. Daktari alikuja kwa upande, polepole. Kwenye kifaranga cha tatu Bi Mkubwa aliinua kichwa, akanitazama, akangoja. Nadhani alidhani nitabonyeza tena.

Sindano ilipoingia, alilegea mkononi mwa Kaka. Wifi alivua kitenge chake cha begani, wakamfunga nacho. Alisema, "Bi Mkubwa wa watu," akakaza fundo.

27 Septemba

Maonyesho yamefungwa mapema. Kaka hataki kukata tiketi.

2 Oktoba

Wingu la kwanza, halikunyesha. Nimekwenda kwa kinyozi na chupa ya chai. Amenipokea. Anafanya mazoezi ya kubana mpira wa kitambaa. Kidole kimoja kinasogea, kingine bado. Saluni ameifunga.

Jioni Kaka alikuja kibandani kunisaidia kufungasha, wifi akamwacha mlangoni. Alipapasa kaunta, akakaa kwenye kile kiti kibovu. Nikamaliza kukunja nyaya zote.

"Ile picha," alisema. "Uliipata?"

Sikuwa nimeifungua kadi tangu siku ile. Niliiweka kwenye kompyuta kwa sababu aliniomba. Nilizipita haraka hadi nikafika kwenye moja, na nikajua ni yenyewe kabla haijafunguka yote.

"Nimeipata."

"Nieleze."

Nikamweleza: mabawa yote mawili yamo, hakuna ncha iliyokatwa. Kucha ziko mbele, zimefunguka. Kifua kina mwanga. Mdomo umefunguka kidogo.

"Na macho?" aliuliza. "Yanatazama wapi?"

"Yananitazama mimi," nilimwambia.